Chembe nano kwenye dawa ya meno, pipi na losheni ya jua: je, zinafika kwenye vinasaba vyetu? (Uzi mrefu)

Chembe_Ndogo (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Kuna ujumbe unazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp: "Ulaya wamepiga marufuku titani, inakata DNA, tupa dawa ya meno, tupa losheni ya jua, tupa vidonge vyeupe." Nimetumiwa na ndugu, nimetumiwa na wa kazini, na wazazi wa shule nao wameuleta. Nusu ya ujumbe huo ni kweli, na nusu hiyo ya kweli ndiyo inayobeba uongo uliobaki. Mimi nimefanya kazi kwenye maabara ya seli, na vipimo vinavyozungumzwa nimevishika kwa mikono yangu. Nimeona tuliongee hapa kwa kina, kwa sababu kuna watu wataumia wakiufuata ujumbe ule ulivyo. Vuteni viti.

Kitu chenyewe ni titani dioksidi, unga mweupe pengine kuliko unga wowote unaotumika viwandani. Umo kwenye rangi ya ukuta, plastiki, karatasi, ganda jeupe la vidonge, dawa ya meno, poda za uso na losheni. Kwenye chakula hutiwa pipi zenye ganda gumu, bigijii na urembo wa keki. Kwenye pakiti za chakula utaukuta kwa jina la E171, kwenye vipodozi CI 77891.

Tunaposema chembe nano tunamaanisha chembe yenye upana wa kati ya nanomita 1 na 100. Unywele wa mtu una kama nanomita 80,000. Uzi wa DNA una upana wa nanomita 2 tu. Kwa hiyo chembe ya nanomita 20 ni ndogo kiasi cha kumezwa na seli na kukaa ndani yake, ila ukiisimamisha kando ya DNA bado ni jitu.

Hapa ndipo ujumbe wa WhatsApp unapoteleza. Titani dioksidi ya kutia weupe haitengenezwi iwe nano. Hutengenezwa iwe na nanomita 200 hadi 300 hivi, kwa kuwa ukubwa huo ndio unaotawanya mwanga vizuri na kuonekana mweupe. Lakini kiwanda hakitoi chembe za saizi moja. Ndani ya unga uleule kuna chembe ndogo zaidi, na Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya, EFSA, iliona kwamba katika E171 zinazoangukia kwenye nano zinaweza kufika hadi nusu ya chembe zote kwa idadi. Kwa uzito ni kidogo, kwa idadi ni nyingi. Losheni ya jua ni kinyume kabisa: pale chembe zinafanywa ndogo kwa makusudi, ili zizuie mionzi bila kumwacha mtu na uso kama aliyepakwa chokaa.

Chakula, ngozi na hewa ni kesi tatu tofauti. Naomba tusizichanganye.

---

Chembe_Ndogo

Naendelea. Ulaya kilitokea nini hasa?

Mwaka 2016 EFSA ilipitia E171 na haikuona tatizo la vinasaba, ila ilisema data za athari kwa uzazi hazitoshi. Mwaka 2017 watafiti wa INRA, taasisi ya utafiti wa kilimo ya Ufaransa, walichapisha jaribio la panya waliokunywa E171 kwa siku 100. Karibu asilimia 40 ya panya hao walionekana na vidonda vya awali kwenye utumbo mpana, vile ambavyo wakati mwingine hutangulia saratani. Saratani yenyewe haikuonekana, na jaribio jingine lililofuata halikuyaona mabadiliko hayo. Hata hivyo Ufaransa haikusubiri. Kuanzia tarehe 1 Januari 2020 ilizuia E171 kwenye chakula.

Mei 2021 EFSA ikarudi na tathmini mpya, safari hii ikitumia mwongozo wake wa kupima vitu vya nano. Walisema hivi, kwa maneno yangu: titani dioksidi ina uwezo wa kuvunja nyuzi za DNA na kuharibu kromosomu, ingawa haikuonekana ikibadilisha jeni mojamoja. Kinachofyonzwa kutoka tumboni ni kidogo sana, pengine chini ya asilimia 0.5, lakini kile kidogo kinatoka mwilini polepole na kinaweza kujikusanya. Na kwa kuwa uharibifu wa vinasaba haukuweza kuondolewa mezani, hawakuweza kutaja kiwango cha kula kila siku ambacho ni salama.

Someni hapo mara mbili. Hawakusema "tumethibitisha inaharibu vinasaba vya walaji." Walisema "hatuwezi kukanusha, kwa hiyo hatuwezi kusema ni salama." Sheria ya kuiondoa ikapita Januari 2022, na mwezi Agosti mwaka huo muda wa mpito ukaisha. Kwenye dawa za hospitali wakairuhusu ibaki kwa muda, kwa hofu kwamba kuiondoa kwa haraka kungeleta upungufu wa dawa. Kwa hiyo anayekwambia utupe vidonge vyako vya presha au vya ARV kwa sababu vina ganda jeupe, anakupeleka kwenye hatari iliyo wazi ili kukuepusha na hatari ambayo bado inabishaniwa. Usitupe dawa.

---

Msomaji_Tanga

Asante mkuu, hapa nimeelewa zaidi ya video zote. Swali la mtu wa kawaida: kiunga cheupe kisichoyeyuka, kisichochoma, kinakataje DNA? Ina maana kinaingia mpaka kwenye kiini cha seli na kuikata kama wembe?

---

Chembe_Ndogo

Swali zuri sana. Wembe hapana. Njia zinazojulikana ni tatu.

Ya kwanza ni chembe kufika penyewe kwenye DNA. Hii ni ngumu, maana matundu ya utando wa kiini ni madogo na chembe nyingi hazipenyi. Lakini seli inapogawanyika, utando ule huvunjika kwa muda, na chembe iliyokuwa imekaa pembeni inaweza kujikuta katikati ya kromosomu zinazovutwa huku na huku.

Ya pili ndiyo inayotajwa zaidi. Uso wa chembe huzalisha molekuli kali za oksijeni ndani ya seli, na hizo ndizo zinazoishambulia DNA. Kadiri chembe zinavyokuwa ndogo, ndivyo uso wake wote kwa pamoja unavyokuwa mkubwa kwa uzito uleule, na kazi yote ya kikemia hufanyika juu ya uso. Ndiyo maana gramu moja ya vumbi nano si sawa na gramu moja ya mchanga wa kitu kilekile.

Ya tatu haihitaji chembe iiguse seli inayoharibika. Seli za kinga zinameza chembe, zinashindwa kuimeng'enya, zinabaki zimekasirika na kumwaga kemikali zao mfululizo. Uvimbe huo wa muda mrefu ndio unaoharibu DNA za seli jirani. Kwa mapafu hii ndiyo njia ya kuogopwa. Na ina jambo moja muhimu: inahitaji dozi kubwa ya kutosha kuzidi uwezo wa mwili kujisafisha. Chini ya hapo mwili unamudu.

Tofauti kati ya njia hizi ndiyo mzizi wa ubishi wote. Kama ni njia ya tatu, kuna kiwango ambacho chini yake hakuna madhara, unakitafuta na kukiweka kwenye sheria. Kama ni ya kwanza, kiwango hicho huenda hakipo. EFSA walikiri hawakuweza kusema ni ipi, au ni mchanganyiko wa zipi.

---

Dkt_wa_Zamu

Mleta uzi umeeleza vizuri lakini umeegemea Ulaya. Mezani kuna upande wa pili. Kanada mwaka 2022 walipitia ushahidi na kusema hawaoni hatari ya wazi kwa walaji. Australia na New Zealand nao mwaka huohuo. Wataalamu wa Uingereza walitilia shaka hitimisho la EFSA. Na mwaka 2023 kamati ya pamoja ya FAO na WHO ya viungo vya chakula, JECFA, ilibakiza msimamo wake kwamba hakuna haja ya kuweka kikomo cha ulaji. Marekani titani dioksidi inaruhusiwa kwenye chakula tangu 1966, isizidi asilimia 1 ya uzito wa chakula. Hao wote ni wajinga?

---

Chembe_Ndogo

Daktari, nashukuru umelileta, na hapana, si wajinga. Walisoma karibu tafiti zilezile. Walichotofautiana ni tafiti gani zihesabiwe, na hilo linanigusa kwa sababu ni kazi ya mikono yetu sisi wa maabara. Niruhusuni nikae hapa kidogo.

Kipimo cha kwanza anachofundishwa kila mwanafunzi ni kile cha Bruce Ames wa Berkeley, cha miaka ya 1970: unaweka kemikali pamoja na bakteria wa salmonella na kuangalia kama jeni zao zinabadilika. Ni kipimo rahisi na kimeokoa maisha mengi. Kwa chembe nano hakifai, kwa sababu bakteria hana njia ya kumeza chembe. Ukipata jibu "safi" hujui kama kitu ni salama au hakikuingia. Bado bidhaa za nano zimewahi kutetewa kwa matokeo ya Ames, na mimi nikiona hivyo ninaruka ukurasa.

Cha pili ni kipimo cha kometi. Unazika seli kwenye jeli, unazipasua, unapitisha umeme. DNA nzima inabaki mahali pake, iliyovunjika inavutwa na kuacha mkia. Mkia mrefu, uharibifu mkubwa. Tatizo: chembe zilizobaki ndani ya seli huzikwa nazo kwenye jeli, na zinaweza kuivunja DNA pale pale kwenye slaidi, baada ya seli kufa. Titani dioksidi ya aina ya anatase ikipigwa na mwanga hufanya kazi hiyo vizuri sana. Maabara ambayo haikuzima taa inaweza kuchapisha mkia mrefu ambao haukuwahi kutokea ndani ya kiumbe hai.

Cha tatu ni cha kuhesabu viini vidogo: kipande cha kromosomu kilichoachwa nje wakati seli inagawanyika hujitengenezea kiini chake kidogo pembeni. Toleo moja la kipimo hiki hutumia dawa ya sitokalasini ili seli isimalize kugawanyika. Dawa hiyohiyo huizuia seli kumeza. Ukiitia pamoja na chembe, umeufunga mlango kisha unashangaa mgeni hajaingia. Inatakiwa itiwe baadaye, na si wote wanaofanya hivyo.

Halafu kuna maandalizi. Chembe hizi hupenda kushikamana mabonge. Kabla ya kipimo watafiti huzipiga kwa mawimbi ya sauti zitawanyike. Kanada na wenzao walisema: chembe zilizotawanywa hivyo, au nano tupu iliyonunuliwa kwa ajili ya maabara, si E171 iliyo ndani ya pipi, iliyogandamana na kuvikwa protini na sukari. EFSA wakajibu: sehemu ya nano imo ndani ya E171, hatuwezi kuipuuza, na hatukuona mpaka wa saizi ambao juu yake madhara yanakoma.

Nionavyo mimi: kwa hatari halisi ya mtu anayekula bigijii mojamoja, upande wa Kanada una hoja nzito. Lakini kwa uamuzi wa sheria, Ulaya walifanya sawa. Rangi nyeupe kwenye pipi haimlishi mtu, haihifadhi chakula, haina kazi yoyote ila kupendeza macho. Na mtoto, kwa uzito wake, hula pipi nyingi kuliko baba yake. Kitu kisicho na faida kwa mlaji hakistahili kupewa nafasi ya shaka kwenye vinasaba vya mtoto. Kingekuwa na faida, ningehesabu tofauti, kama nitakavyosema kwenye losheni.

---

Dkt_wa_Zamu

Hoja ya faida naikubali. Ila naomba tuweke rekodi sawa kwa wasomaji: EFSA haipingi kila kitu cha nano. Silika, E551, inayowekwa kwenye viungo vya unga na supu za pakiti ili visigande, nayo ina chembe za nano, na mwaka 2024 EFSA ilisema haina wasiwasi nayo. Kwa hiyo neno "nano" peke yake si hukumu.

---

Chembe_Ndogo

Kweli kabisa, na ahsante. Kila kitu kinapimwa chenyewe.

---

FundiRangi_Mbagala

Mimi nimepaka nyumba nusu ya maisha yangu. Rangi nyeupe ndiyo mkate wangu. Nimesoma kwa moyo kudunda. Nina hatari gani?

---

Chembe_Ndogo

Fundi, pole na hongera kwa kazi. Rangi ikiwa ya majimaji, unga wake umefungwa ndani ya gundi ya rangi, hauruki. Kuigusa au kuipaka kwa brashi si tatizo la nano. Hatari yako ipo kwenye vumbi: unapopiga msasa ukuta wa zamani, unapochanganya unga mkavu, unapopuliza kwa bunduki ya rangi.

Mwaka 2006 shirika la WHO la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka titani dioksidi kundi la 2B, "huenda husababisha saratani", na ushahidi mkubwa ulikuwa panya waliovutishwa vumbi lake kwa muda mrefu. Umoja wa Ulaya nao ukaupa unga wake alama ya kushukiwa kusababisha saratani ukivutwa. Viwanda vikaenda mahakamani. Novemba 2022 Mahakama ya Ulaya ikaifuta alama hiyo, na Agosti 2025 mahakama ya juu ikaibakiza imefutwa. Sababu: mapafu ya panya wale yalijazwa vumbi hadi yakashindwa kujisafisha, na mamlaka hazikupiga hesabu ya ujazo huo ipasavyo.

Usiishi kwa kutegemea mahakama, fundi. Vumbi la ukuta lina pia silika ya fuwele kutoka kwenye mchanga wa saruji, si ile ya supu za pakiti, na ushahidi wake hauna ubishi: inaua mapafu. Lowesha ukuta kabla ya msasa. Vaa barakoa ya kuchuja vumbi, ile inayobana pua, si kitambaa. Fungua madirisha. Nguo za kazi zisifuliwe pamoja na za watoto.

---

Kijana_wa_Ukunda

Ndugu zangu, sisi huku Kwale, pwani ya Kenya, mchanga wa titani ulichimbwa kuanzia 2013 mpaka mgodi ulipofungwa mwishoni mwa 2024. Watu wanauliza kama ndiyo hii hii mnayoizungumzia, na kama mchanga uliobaki una nano.

---

Chembe_Ndogo

Ndugu yangu, kilichotoka Kwale ni madini ghafi: ilimenaiti, rutaili na zikoni. Ilipakiwa Likoni ikaenda viwanda vya ng'ambo, na huko ndiko madini ya titani hugeuzwa unga mweupe. Punje za mchanga zinaonekana kwa macho, ni kubwa mara maelfu kuliko chembe za nano. Maswali ya Kwale ya ardhi, maji na vumbi yana uzito wake na yanastahili majibu, lakini si ya uzi huu.

---

Mama_Nasra

Kaka, mimi nina binti mwenye ualbino. Huo ujumbe nimetumiwa na shangazi yake akiniambia niache kumpaka mafuta ya jua kwa sababu yana titani na zinki, yataharibu damu yake. Nimeacha tangu wiki iliyopita. Naomba uniambie ukweli.

---

Chembe_Ndogo

Mama Nasra, mpake kesho asubuhi kabla hajatoka. Nimeufungua uzi huu kwa ajili ya watu kama binti yako.

Tunajadili hapa kama chembe fulani zinaweza kuharibu DNA. Kwa mionzi ya jua hakuna cha kujadili. Mwanga wa jua uko kundi la 1 la IARC, la vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani, pamoja na sigara. Mionzi yake inaunganisha herufi mbili za DNA zilizo jirani na kuzigandisha, seli ikishindwa kurekebisha, saratani ya ngozi inaanza. Ngozi yenye melanini nyingi, yaani rangi yake ya asili, ina kinga kiasi. Ya binti yako haina. Kwa watu wenye ualbino katika nchi zetu, saratani ya ngozi inaua wakiwa bado vijana.

Chembe za titani na zinki kwenye losheni zinabaki kwenye tabaka la juu la ngozi, lile la seli zilizokwisha kufa. Kamati ya kisayansi ya Ulaya inayosimamia vipodozi ilikubali titani ya nano hadi asilimia 25 ya losheni, kwa ngozi nzima na hata iliyobabuka na jua. Ni Ulaya hiyohiyo iliyoikataa kwenye pipi. Watengenezaji wazuri pia huzivisha chembe ganda la alumina au silika na kutumia zaidi aina ya rutaili, kusudi mwanga usiziamshe.

Kilichokataliwa ni cha kupuliza, kwa sababu kinaingia mapafuni. Kwa hiyo losheni ya kupaka ndiyo, ya kupuliza hapana. Kama mko karibu na kliniki za ualbino ulizeni losheni ya jua ya Kilisun, inayotengenezwa Moshi kwa ajili yao. Kofia pana, mikono mirefu, kivuli saa za mchana. Akiwa na kidonda kisichopona kwa wiki kadhaa, mpeleke aonwe, usisubiri. Na shangazi mpelekee uzi huu kwa heshima, alikusudia mema.

---

Mama_Nasra

Mungu akubariki kaka. Nimeelewa.

---

Soko_la_Afya

Vipi maji ya fedha ya nano? Yanauzwa mtandaoni kuua virusi vyote, na soksi zake hazinuki.

---

Chembe_Ndogo

Soksi: fedha inaua bakteria kweli, lakini kwenye baadhi ya soksi sehemu kubwa hutoka na maji ya kufulia. Unalipia kitu kinachoishia mtaroni. Maji ya kunywa: usinywe. Mwaka 1999 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitangaza kwamba dawa za fedha hizo zinazouzwa bila cheti cha daktari hazitambuliki kuwa salama wala kuwa na nguvu ya kutibu. Wanaoyanywa kwa muda mrefu wanaweza kugeuka ngozi kuwa ya kijivu-bluu, na rangi hiyo haitoki. Na kwenye vipimo vya seli, fedha ya nano imevunja DNA mara nyingi. Anayekuuzia kama tiba, mwombe namba ya usajili ya TMDA, mamlaka ya dawa ya Tanzania, kabla hujatoa hela.

---

Msomaji_Tanga

Mkuu, la mwisho kutoka kwangu. Dawa ya meno je?

---

Chembe_Ndogo

Piga mswaki, tema, suuza. Usimeze. Kwa mtoto mdogo weka kidogo mno, kiasi cha punje ya mchele, na ukipata isiyo na CI 77891 mchagulie hiyo, kwa kuwa wadogo humeza. Tangu 2013 vipodozi vinavyouzwa Ulaya lazima viandike neno "nano" kwenye mabano baada ya jina la kiambato cha namna hiyo. Natamani TBS, shirika la viwango, ambao tangu 2019 ndio wenye dhamana ya chakula na vipodozi Tanzania, wadai maandishi hayo kwenye kila bidhaa, na KEBS wa Kenya nao vivyo hivyo. Mwenye njia ya kuwafikia aseme hapa, tuandike barua pamoja.

Mwenye pakiti ambayo haielewi, apige picha ya orodha ya viambato aiweke hapa chini. Ile ya nyuma yenye maandishi madogo, si ya mbele yenye jina la bidhaa.